Viwanja viwili vilivyozaliwa siku moja: kukarabati au kujenga upya?

Tarehe 20 Aprili 1912, siku tano baada ya meli ya Titanic kuzama, Marekani ilifungua viwanja viwili vya besiboli kwa mpigo. Mmoja ulikuwa Boston, ukaitwa Fenway Park. Wa pili ulikuwa Detroit, kwenye pembe ya barabara za Michigan na Trumbull. Ulianza kwa jina la Navin Field na mwishowe ukajulikana kama Tiger Stadium. Vyote viwili vilibanwa katikati ya mitaa, majukwaa ya vyote yalibebwa na nguzo za chuma, na vyote vilizeeka pamoja. Ilipofika miaka ya 1990, wamiliki wa klabu zote mbili walikuwa na wimbo mmoja: uwanja umechakaa, vyumba vya wateja wenye pesa ni vichache, nguzo zinawaziba watu, mapato hayatoshi, tunataka mwingine.

Leo Fenway bado unachezewa. Tiger Stadium ulibomolewa mwaka 2008 na 2009. Kwa mtu anayetaka kupima kati ya kukarabati na kujenga upya, sijui mizani iliyo bora kuliko hii: umri mmoja, enzi moja, maradhi yaleyale, matibabu tofauti.

Nimeishi Boston miaka kadhaa. Mara ya kwanza kuingia Fenway nilipata kiti cha mbao nyuma ya nguzo, magoti yakimgusa mgongoni mtu wa mbele, na nilitoka nimeupenda uwanja ule. Kwa hiyo niseme mapema ninakoegemea. Naamini uwanja wa zamani unaopendwa unastahili kukarabatiwa kwanza, na anayetaka kuubomoa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hauponi. Lakini zipo hali ambazo jengo jipya ndilo jibu, nami nitazitaja bila kuzificha, kwa sababu wewe unayesoma huenda unaishi kwenye kaunti ambako mwakani utaitwa kupiga kura juu ya kodi ya uwanja, na unahitaji pande zote mbili.

Boston walivyoponea chupuchupu

Mei 1999 klabu ya Red Sox ilitangaza kwamba itajenga Fenway mpya jirani kabisa na wa zamani. Ungechukua watu 44,000 hivi, wakati wa zamani ulikuwa unachukua kama 34,000. Vipimo vya uwanja vingenakiliwa, pamoja na ule ukuta wa upande wa kushoto wenye kimo cha mita 11.3, ambao mashabiki wanauita Green Monster, zimwi la kijani. Kipande cha ukuta wa kweli kingebakizwa kama kumbukumbu. Hesabu ilifika dola milioni 665, na kati ya hizo milioni 312 zingetoka kwa jimbo na jiji. Bunge la Massachusetts likaridhia mwaka 2000.

Mpango ulikwama kwenye fedha na ardhi. Viwanja vya watu binafsi vilivyohitajika vilikuwa ghali, na klabu yenyewe ikaingizwa sokoni. Wakati huohuo wananchi waliojikusanya kwa jina la Save Fenway Park walikuwa wakileta wasanifu majengo na kuonyesha kwa michoro kwamba uwanja unaweza kupanuliwa palepale ulipo. Hawakuwa na mamlaka yoyote, ila walihakikisha kwamba wazo la pili lipo mezani siku mwenye uamuzi atakapobadilika.

Akabadilika. Mwaka 2002 klabu ilinunuliwa na kundi la John Henry, Tom Werner na Larry Lucchino. Lucchino ndiye aliyekuwa akiiongoza klabu ya Baltimore wakati inajengewa Camden Yards, uwanja uliofunguliwa 1992 na kuwarudishia Wamarekani hamu ya viwanja vya matofali katikati ya mji. Alimwita Janet Marie Smith, msanifu aliyefanya naye kazi ile. Fikiria hapo: watu waliosimamia uwanja mpya uliosifiwa kuliko yote katika kizazi chao walipofika Boston waliutazama ule wa zamani, wakachagua kuutengeneza.

Kazi ilikwenda kwa miaka kumi, ikifanywa kila majira ya baridi wachezaji wakiwa likizo. Juu ya zimwi la kijani palikuwa na wavu tu, uliowekwa mwaka 1936 ili mipira isivunje vioo vya Lansdowne Street. Mwaka 2003 wavu uliondolewa na viti vikapandishwa pale juu, na vikawa miongoni mwa viti vinavyogombewa zaidi katika mchezo huu. Mwaka 2004 likaja jukwaa juu ya paa la upande wa kulia. Mtaa wa pembeni ukaanza kufungwa siku za mchezo ili watu wapate pa kusimama na kula. Baada ya msimu wa 2004 nyasi na mifereji ya chini vilifukuliwa na kuwekwa upya, kisha zege la majukwaa likashughulikiwa kipande kwa kipande ili lisivuje. Jumla ilifika takriban dola milioni 285, mzigo ukiwa wa klabu yenyewe, ambayo baadaye ilipata nafuu ya kodi inayotolewa na serikali ya shirikisho kwa wanaokarabati majengo ya kihistoria. Mwaka 2012, uwanja ulipotimiza miaka 100, uliingizwa kwenye rejesta ya taifa ya maeneo ya kihistoria.

Na timu? Ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu 1918. Ikautwaa 2004, kisha 2007, 2013 na 2018. Sisemi kwamba viti vipya ndivyo vilivyoshinda. Nasema ule usemi wa kwamba timu haiwezi kushinda ikiwa kwenye jengo kuukuu ulizikwa pale.

Detroit walivyoupoteza

Detroit haikukosa watu wa kuutetea uwanja, na hilo ndilo linaloniuma. Mashabiki waliunda chama chao mwaka 1987. Aprili 1988 walishikana mikono wakauzunguka uwanja wote, wakaukumbatia. Mwaka 1990 wasanifu majengo wawili, mke na mume, walichora ukarabati ulioitwa Mpango wa Cochrane: vyumba vya kulipia vikiongezwa, njia za ndani zikipanuliwa kuelekea nje, na viti vilivyo karibu na mchezo visiguswe. Makadirio yalikuwa dola milioni 26 hivi. Mwaka 1992 wapiga kura wa jiji waliridhia hata sheria ya kuzuia fedha za jiji kutumika kujenga uwanja mpya.

Mpango wa Cochrane haukupata mmiliki wa kuusikiliza. Mwaka 1996 wapiga kura waliigeuza sheria yao wenyewe. Mchezo wa mwisho ulichezwa tarehe 27 Septemba 1999, na msimu uliofuata timu ikahamia Comerica Park, uliogharimu kama dola milioni 300, zaidi ya theluthi moja ikiwa fedha za umma. Comerica si uwanja mbaya. Unaona majengo ya katikati ya jiji, watoto wanapanda gurudumu kubwa na simbamarara wa kuzunguka, na kutembea ndani yake ni raha. Lakini ule wa zamani ulibaki mtupu kwa karibu miaka tisa, kila mwekezaji akija na ahadi na kuondoka, hadi tingatinga lilipofika.

Baada ya hapo kiwanja kikawa magugu. Mwaka 2010 watu wa kujitolea walianza kuja na mashine zao za kukata nyasi, bila mshahara, wakasafisha mahali walipokimbia wachezaji mashuhuri Ty Cobb na Al Kaline ili watoto waweze kurusha mpira. Mwaka 2018 pakafunguliwa kiwanja cha michezo ya vijana, nyasi za bandia, na mlingoti wa bendera wa zamani bado umesimama pale.

Kiti chako kitakuwa mbali kiasi gani

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hoja ya kwanza dhidi ya uwanja wa zamani huwa nguzo. Ni kweli zinakera. Ukikaa nyuma ya nguzo Fenway, unaweza kumwona mrushaji usimwone mpigaji, ukabaki unainama kushoto na kulia saa tatu nzima. Lakini tazama kazi ya ile nguzo. Inabeba jukwaa la juu, na kwa kuwa inalibeba, jukwaa hilo linaweza kuwekwa moja kwa moja juu ya vichwa vya watu wa jukwaa la chini, karibu kabisa na uwanja. Ondoa nguzo, na jukwaa la juu lazima lishikwe kwa nyuma. Likishikwa kwa nyuma, linarudi nyuma. Kisha weka safu mbili au tatu za vyumba vya kulipia katikati, nalo linapanda juu zaidi. Nguzo inawaziba mamia ili maelfu wakae karibu. Uwanja mpya unaondoa kero ya mamia kwa kuwasogeza mbali maelfu, na wanaosogezwa ni wa tiketi za bei nafuu.

Tiger Stadium ulikuwa mfano mkubwa wa ukaribu huo. Upande wa kulia jukwaa la juu lilichomoza kama mita tatu ndani ya eneo la kuchezea, kiasi kwamba mpira uliopigwa juu ungeweza kudondokea kwa mashabiki wa juu huku mlinzi amesimama chini akiusubiri.

Chicago waliona upande wa pili. Comiskey Park, uliofunguliwa 1910, ulifungwa 1990, na mpya ukafunguliwa ng'ambo ya barabara tarehe 18 Aprili 1991. Jukwaa lake la juu lilikuwa mwinuko mkali na mbali, na mashabiki waliozoea ule wa zamani walilalamika kwamba safu ya mbele ya juu sasa ilikuwa mbali na mchezo kama ilivyokuwa safu ya mwisho ya juu kule walikotoka. Haikupita miaka 15, safu za juu kabisa zikakatwa na kuondolewa. Yaani uwanja mpya nao ukahitaji ukarabati, ili ukaribie kile kilichobomolewa.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha za kompyuta za uwanja mpya, muulize swali moja: kiti cha bei ya chini kabisa kitakuwa mita ngapi kutoka kwa mpigaji, na leo kiko mita ngapi? Mara nyingi namba hiyo haimo kwenye vijitabu vyao.

Fedha

Ukarabati wa Fenway uligharimu chini ya nusu ya mpango wa kujenga mpya. Wa Detroit ungegharimu chini ya sehemu moja ya kumi ya Comerica, na hata kama makadirio yale yangeongezeka mara mbili au tatu, ungebaki chini ya theluthi moja. Ni tofauti kubwa, lakini isikufanye uamini kwamba ukarabati ni rahisi siku zote. Yankee Stadium wa New York, uliofunguliwa 1923, ulikarabatiwa mwaka 1974 na 1975 kwa fedha za jiji. Mwanzo walisema dola milioni 24. Mwisho zilipita milioni 100. Jengo la zamani lina tabia ya kuficha maradhi hadi ukuta utobolewe.

Wrigley Field wa Chicago, uliofunguliwa 1914, ni somo lingine. Familia ya Ricketts ilipoinunua Cubs, klabu inayochezea hapo, mwaka 2009 ilianza kwa kuomba msaada wa kodi, ikanyimwa, ikaamua kulipa yenyewe. Mradi uliotangazwa kwa mamia ya milioni ukaishia karibu na dola bilioni moja, ukihesabu na majengo ya jirani. Hizo si pesa ndogo. Lakini zilitoka kwa mwenye mali.

Ndiyo maana kwangu swali la nani analipa linatangulia lile la kiasi gani. Wachumi wengi waliochunguza viwanja vilivyojengwa kwa kodi wanakubaliana kwamba jiji halirudishiwi kile lilichotoa. Na deni linaweza kuishi kuliko jengo. Kingdome wa Seattle ulifunguliwa 1976, ukalipuliwa Machi 2000, na wakazi wa kaunti wakaendelea kulipia deni lake hadi 2015, miaka 15 wakilipia vumbi.

Yale ambayo uwanja mpya unashinda

Vyoo. Njia pana. Lifti. Jiko la kweli. Vyumba vya wachezaji ambamo mtu mzima anaweza kugeuka. Hakuna ubishi hapa.

Kubwa kuliko hayo yote ni watu wenye ulemavu. Uwanja wa 1912 ulijengwa na watu ambao hawakumfikiria kabisa anayetumia kiti cha magurudumu. Ukijenga kuanzia chini, unaweza kuweka nafasi hizo kila upande, kila bei, mahali ambapo mtu anaona hata wa mbele wanaposimama. Ukikarabati, mteremko, ngazi na kuta za zamani vinakubana, na wasanifu wanashawishika kuwasukuma watu hao kwenye safu ya mwisho. Mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Cubs, ikidai kwamba ukarabati wa Wrigley haukuwatendea haki watu wa viti vya magurudumu. Sisi tunaotetea majengo ya zamani tusilipite jambo hili haraka. Ukarabati unaomfungia nje mtu mmoja ili kulinda matofali haujakamilika, na katika mipango yoyote utakayoonyeshwa, hiki ndicho kipengele cha kukisoma kwanza.

Na kuna bei. Fenway ina viti vichache na wanaovitaka ni wengi, hivyo kwa miaka mingi wastani wa bei ya tiketi zake ulikuwa juu kabisa katika ligi au karibu na hapo. Timu inacheza nyumbani mara 81 kwa msimu. Zamani familia ya kipato cha kawaida ingeweza kwenda mara kumi, leo inafikiria mara mbili. Ila usitegemee kwamba uwanja mpya utakuokoa. Yankee Stadium mpya ulipofunguliwa 2009, viti vya mbele kabisa viliuzwa zaidi ya dola 2,000 kwa mchezo mmoja, vikabaki vitupu mbele ya kamera, ikabidi bei ishushwe msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza.

Mifupa ya jengo

Mapenzi hayashikilii paa. Kama chuma kimeoza na zege limepasuka hadi ndani, uwanja ni hatari kwa watu, basi. Kiangazi cha 2004 vipande vya zege vilidondoka Wrigley kutoka jukwaa la juu, na klabu ikatandaza nyavu kuvidaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Cubs walikuwa wameishi na nyufa miaka mingi. Lakini hata pale dawa haikuwa kubomoa. Kuanzia mwisho wa msimu wa 2014, kwa majira ya baridi kadhaa mfululizo, zege na chuma vilibadilishwa sehemu kwa sehemu, huku ukuta wa matofali wenye majani ya kutambaa yaliyopandwa 1937 na ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mikono ukilindwa na sheria ya jiji.

Ugumu ni kwamba anayekuletea habari za maradhi mara nyingi ni yule anayetaka jengo jipya. Kansas City ni mfano wa karibuni. Kauffman Stadium ulifunguliwa 1973, ukakarabatiwa kwa takriban dola milioni 250 na kukamilika 2009. Miaka zaidi ya kumi baadaye klabu ya Royals ikasema zege linaharibika kutoka ndani, tujenge kwingine. Aprili 2024 wapiga kura wa Kaunti ya Jackson waliikataa kodi iliyokusudiwa kulipia mpango huo. Huenda zege linaumwa kweli; zege linaweza kuugua. Lakini ripoti ya mhandisi aliyelipwa na klabu haitoshi. Kaunti ilipie mhandisi wake, na ripoti yote iwekwe hadharani kabla ya kura.

Mtacheza wapi wakati mafundi wako kazini

Ukijenga mpya, timu inaendelea kucheza kwenye wa zamani hadi siku ya kuhama. Ni faida ya wazi. Ukikarabati, una njia mbili: kuhama kwa muda, kama Yankees walivyokaa misimu miwili Shea Stadium, au kufanya kazi kila majira ya baridi na kufungua kila masika.

Njia ya pili inachosha. Msimu wa 2015 ulipofunguliwa Wrigley, majukwaa ya nyuma yalikuwa bado hayajakwisha, na foleni za vyoo usiku ule zilikuwa ndefu kiasi kwamba klabu iliwaomba radhi mashabiki. Mwaka uliofuata, Cubs walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1908, mafundi wakiwa bado hawajamaliza.

Wajapani wamelifanya hili kwa nidhamu ninayoihusudu. Koshien, karibu na Osaka, ulifunguliwa tarehe 1 Agosti 1924, na mashindano ya shule za sekondari yanayochezwa pale kila kiangazi yanafuatwa na taifa zima. Hata mashindano ya besiboli ya vijana wa Tanzania yaliyoanzishwa kwa msaada wa Wajapani yamepewa jina la Koshien. Kati ya 2007 na 2010 jengo liliimarishwa dhidi ya tetemeko, likapata paa na viti vipya, kwa awamu, nje ya msimu, vijana wasikose kiangazi hata kimoja. Majani yaliyofunika kuta yaliondolewa kisha yakapandwa tena.

Ukarabati unaofuta

Nirudi Yankee Stadium kidogo, kwa sababu kuna mtego. Ule ukarabati wa 1974 na 1975 uliondoa nguzo, ukaondoa ukingo wa mapambo uliozunguka paa na kuupa uwanja sura yake, ukapunguza vipimo vya uwanja. Jina lilibaki. Mahali palibaki. Lakini sehemu kubwa ya kilichopendwa ilikwenda na kifusi, na labda ndiyo sababu ulipotakiwa kubomolewa baadaye, hoja ya kuutetea kama jengo la 1923 ilikuwa imeshadhoofika. Mpya ulijengwa juu ya bustani za umma za Bronx, na watoto wa mtaa wakasubiri hadi 2012 ndipo sehemu ya mwisho ya viwanja mbadala ifunguliwe, pale uliposimama uwanja wa zamani.

Kwa hiyo neno ukarabati pekee halitoshi kukutuliza. Kabla ya kuunga mkono, taka orodha ya vitu visivyoguswa, iandikwe na iwe na nguvu ya sheria.

Basi uchague lipi

Kuna viwanja ambavyo havikuwahi kuwa vizuri, na hivyo sioni haja ya kuvililia. Three Rivers wa Pittsburgh, wa 1970, ulikuwa duara la zege lililojengwa kwa michezo miwili na halikuufaa vizuri hata mmoja. PNC Park uliouchukulia nafasi 2001 ni mzuri ajabu. Candlestick wa San Francisco ulipigwa na upepo wa baridi miaka 40. Klabu yake, Giants, ilijenga mwingine kando ya maji mwaka 2000 kwa dola milioni 357, karibu zote za watu binafsi, baada ya wapiga kura kukataa mara kadhaa kutoa kodi. Ikiwa uwanja wenu ni wa aina hiyo, mahali pake ni pabaya tangu siku ya kwanza, na mwenye klabu anaweka fedha zake mezani, kubali mpya na ufurahie.

Ikiwa mifupa ni mizima, viti viko karibu na mchezo, na mtaa umeuzunguka uwanja na kuishi nao, karabati. Usiache mbachao kwa msala upitao, hasa ukijua msala wa siku hizi unapita upesi: Turner Field wa Atlanta uliachwa baada ya misimu 20 tu, na ule wa Arlington, Texas, uliofunguliwa 1994 kwa sifa tele, uliachwa 2019, timu ikahamia mwingine ng'ambo ya barabara wenye paa, kwa zaidi ya dola bilioni moja. Fenway, baada ya ule ukarabati, unatarajiwa kufaa kwa miongo kadhaa zaidi.

Ikiwa mifupa ni mizima lakini mmiliki hataki kusikia, uko Detroit ya 1990. Hapo mchoro mzuri pekee hautawaokoa, wala mikono iliyoshikana. Kilichowasaidia Boston ni kwamba mpango wa kubomoa ulichelewa vya kutosha hadi mmiliki mwingine akafika, na alipofika akakuta michoro iko tayari. Basi kazi yenu ni mbili kwa pamoja: kuchelewesha kwa njia halali, kwa kura, kwa vikao vya mipango miji, kwa kuutangaza uwanja kuwa urithi unaolindwa na sheria ya jiji, na kuendelea kuuboresha mpango mbadala, wenye hesabu za kweli, wenye nafasi za viti vya magurudumu kila upande, wenye njia ya mmiliki kupata faida. Rejesta ya taifa peke yake haitoshi. Tiger Stadium uliingizwa humo mwaka 1989, na tingatinga halikuulizwa kitu.